Mgeni na kamera mbele ya maji makali



Kuna foto inazunguka kwenye telefone zetu tangu siku nyingi, na najua wengi wenu mumeipata. Jengo la zamani la mawe liko juu ya mwamba, lina mnara mdogo mwekundu, watu wamejaa juu ya dari wanatazama. Nyuma yao wimbi la bahari limesimama kama mlima. Ukichunguza vizuri unaona mtu mmoja, mdogo kama sisimizi, anateremka juu ya ubao. Na kila mara kuna mtu ameandika chini: "Hii ni ya kompyuta, hakuna maji ya hivyo."

Foto ni ya kweli. Mahali ni Nazaré, mji wa wavuvi kule Ureno. Lakini yule anayesema kuna ujanja ndani hakukosa kabisa, na ni juu ya ujanja huo ninaandika leo. Vijana wengi wetu waliomaliza masomo sasa wanatafuta riziki na kamera: arusi, matanga, ripoti za mashirika. Kesho mmoja wao ataitwa kupiga foto mahali asipopajua, mbele ya watu wanaocheza na kifo ao wanaofanya kazi pembeni ya kifo. Watu hao wanajua mahali hatari iko. Yeye hajui. Na foto yake ndiyo itakayosafiri.

Sisi wa Salamabila tuko mbali na bahari, na Congo nzima ina kipande kidogo tu cha pwani, kule Muanda. Hata hivyo nitaanza na wale wa bahari, juu kwao kazi hii imejulikana sana, kisha tutashuka na maji ya kwetu mpaka Kisangani.

Wimbi linapimwa kwa foto

Chini ya bahari, mbele ya Nazaré, kuna bonde refu. Sehemu nyingine kina chake kinakaribia kilometa 5, na mdomo wake unafika karibu kabisa na pwani. Wimbi linalotoka mbali linapita juu ya bonde hilo bila kupoteza nguvu; lile la pembeni linachelewa juu ya maji mafupi. Halafu yote mawili yanakutana na kupandana. Tarehe 29 mwezi wa 10, mwaka 2020, Mjerumani Sebastian Steudtner aliteremka wimbi ambalo baadaye lilitambuliwa kuwa rekodi ya dunia: mita 26.21.

Sasa jiulize walipima namna gani. Hakuna mtu aliyeshika kamba pale. Walipima kwa picha. Wanachukua urefu wa sehemu fulani ya mwili wa mtu, kwa mfano toka goti mpaka kisigino, wanaufanya kuwa rula, kisha wanahesabu rula ngapi zinaingia kutoka chini ya wimbi mpaka kilele. Kwa hiyo picha pale si mapambo, ni shahidi. Na shahidi aliyesimama mahali pabaya anaweza kusema uongo bila kutaka.

Uongo wenyewe unakuja kwa njia hii. Ukisimama karibu na mtu, na nyuma yake mbali kuna mti, mti unaonekana mdogo. Rudi nyuma sana, halafu umvute yule mtu kwa lenzi ndefu mpaka awe na kimo kile kile ndani ya foto. Utaona mti umekua, umesogea, kama vile umesimama mgongoni pake. Hakuna kilichosogea isipokuwa wewe. Fanya jaribio na rafiki mbele ya milima ya Namoya, utacheka. Wale watu wa Nazaré walio juu ya dari wako salama juu ya mwamba, wimbi liko mbali nyuma yao. Mpiga foto yuko mbali zaidi, na lenzi ndefu. Njo maana unafikiri maji yatawameza sasa hivi.

Mashindano ya mawimbi makubwa hayana tarehe kama mpira. Yana majira. Watu wanangojea dhoruba izaliwe mbali baharini, halafu wanaitana kwa siku chache tu. Mashindano ya Hawaii yenye jina la Eddie Aikau yalianza miaka ya 1980, na mpaka mwisho wa 2024 yalikuwa yamefanyika mara 11 tu, sababu maji hayakubali kila mwaka. (Aikau mwenyewe kazi yake ilikuwa kuokoa watu wanaozama. Alipotea baharini 1978 alipokwenda kutafuta msaada kwa ajili ya wenzake ambao chombo chao kilipinduka. Ni jina zuri kwa mashindano ya namna hii.) Mpiga foto mgeni anafika pale mbiombio, hajalala, hajui mtu, na kelele yote ya maji kwake ni kitu kimoja. Anatafuta kile kinachotisha macho.

Kule California kuna mahali panaitwa Mavericks. Nitasimulia mambo mawili ya pale, halafu tuachane na bahari.

Tarehe 13 mwezi wa 2, mwaka 2010, siku ya mashindano, watazamaji walisogea kwenye ukuta wa mawe ufuoni ili waone vizuri. Maji yakapanda ukuta, yakawazoa na vyombo vyao. Zaidi ya watu 10 wakaumia, wengine wakavunjika mifupa. Kila mtu alikuwa anatazama mbali, kule wenye ubao walipokuwa. Hatari ikapita chini ya miguu yao.

La pili ni la zamani zaidi. Tarehe 23 mwezi wa 12, mwaka 1994, Mark Foo, mpanda mawimbi mwenye jina kubwa huko Hawaii, alifika Mavericks kwa mara ya kwanza. Naye pia alikuwa mgeni wa maji yale. Alianguka juu ya wimbi ambalo halikuwa kubwa kushinda mengine ya siku ile. Kamera zilikuwa nyingi, nyingine juu ya mwamba, nyingine ndani ya mashua. Zilipiga anguko lake. Halafu wimbi lingine likaja, na macho yote yakahamia kule. Hakuna aliyetambua kwamba hakutoka majini. Ilipita zaidi ya saa moja, ndipo mashua iliyobeba wapiga foto, ikirudi nyumbani, ikaukuta mwili wake unaelea.

Simulizi hilo mimi nimelifikiria sana. Watu wote wale kazi yao ilikuwa kutazama. Na walitazama. Jicho lililo ndani ya kamera linaona kipande kidogo cha dunia, tena kile kinachometameta; halihesabu watu waliorudi na wasiorudi. Kazi ya kuhesabu inahitaji mtu mwingine, ao inahitaji uondoe kamera usoni.

Kushuka na Luama

Sasa turudi kwenye maji yetu. Luama ya Kabambare inaingia Lualaba upande wa kusini ya Kasongo. Toka hapo maji yanapita Nyangwe, yanapita Kindu, yanafika Ubundu. Kati ya Ubundu na Kisangani yanaanguka mara 7 katika mwendo wa kilometa kama 100. Hayo njo maporomoko ya Boyoma. Wakoloni waliyaita kwa jina la Stanley. Hakuna mashua inayopita, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli kati ya miji hiyo miwili, ikamalizika 1906.

Sikiliza hesabu hii: kuanguka kwote, mara zote 7 pamoja, ni mita 61 hivi. Kwa hiyo kila poromoko peke yake ni fupi. Mgeni aliyezoea kuona kwenye telefone maji yanayoanguka toka mbinguni anafika Kisangani, anatazama, anasema: "Ni hii tu?" Basi anachukua lenzi ndefu ili aikuze. Hajui bado kwamba nguvu ya pale si kimo. Ni uzito. Mto mzima, ule uliokusanya maji toka Katanga na Maniema, unalazimishwa kupita kati ya mawe.

Kwenye poromoko la mwisho, mlangoni mwa Kisangani, wanaishi Wagenia. Sisi wa Maniema hatuwezi kusema ni watu tusiowajua. Watu wa jina hilo walikuwa mabwana wa mitumbwi ya Lualaba huku juu pia. Livingstone aliwakuta Nyangwe mwaka 1871, na Stanley akapita kwao 1876 akielekea huko huko chini. Lakini kazi ya poromoko ni kitu kingine, haifanani na kuvusha watu.

Wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mikondo, mguu wa mti unaingia kati ya mawe, na maji yenyewe yanausukuma ukaze. Wanaiunganisha kwa kamba za msituni mpaka inakuwa kama mifupa ya nyumba kubwa iliyo katikati ya mto. Toka juu ya miti hiyo wanateremsha migono, vile vikapu virefu vya kutega samaki, vyenye mdomo mpana kushinda mlango wa nyumba na mkia mwembamba. Mdomo unatazama maji yanakotoka. Samaki akiingia, nguvu ya maji inamsukuma mpaka mwisho, hawezi kugeuka. Kisha mtu anapanda, anatembea juu ya miti iliyolowana, anashuka kwenye maji, anashikilia, anavuta mgono na kile kilichomo. Mafuriko yakivunja miti, wanajenga upya. Na kila mahali pana mwenyewe: jamaa fulani ilirithi toka kwa babu, huwezi kutega hapo kwa sababu umepaona pazuri.

Kazi hii imepigwa foto tangu zaidi ya miaka mia. Wakati wa Wabelgiji iliuzwa kwenye kadi za posta za Stanleyville. Tazama kadi hizo ukizipata, utaona karibu zote ni foto moja: miti, povu jeupe, na watu weusi tii kama vivuli, bila sura. Kuna sababu mbili za vivuli vile, na zote zinatuhusu hata leo.

Ya kwanza ni mambo ya mwanga. Kamera, hata ya telefone, inapotazama povu jeupe inafikiri mahali pote pana mwanga mwingi. Inapunguza. Povu linakuwa la kijivu, na mtu mweusi aliye mbele yake anazama kabisa gizani. Dawa yake ni rahisi: upime mwanga kwenye uso wa mtu, si kwenye maji. Kwenye telefone, gusa uso wake kwenye kioo, uone foto inang'aa, halafu shikilia hapo. Povu litakuwa jeupe kupita kiasi, liache. Povu halina jina wala mama. Tena ujue kwamba filamu za rangi za zamani, za Kodak, zilipimwa kwa foto za wanawake wenye ngozi nyeupe. Ngozi yetu haikuwa ndani ya hesabu. Kwa hiyo giza lile kwenye foto za wazee wetu halikuwa giza lao.

Ya pili si ya mwanga. Aliyepiga hakuhitaji sura. Alihitaji "mvuvi wa Kiafrika na maji ya hatari", na kivuli kilimtosha.

Maji yaliyolala

Sasa lile lililonifanya niandike. Mgeni akisimama Wagenia, jicho lake linakimbilia povu. Povu lina kelele, lina weupe, linaruka. Atapiga foto 200 za povu. Lakini povu ni maji yaliyochanganyika na hewa. Linaonekana baya na mara nyingi si pale pabaya zaidi. Wanaojua mto watakuonyesha sehemu nyingine: ulimi wa maji meusi, laini, yaliyonyamaza, yanayoteremka kabla ya mawe. Hapo mto umekwisha kukushika na wewe hujui. Ao mahali chini ya mwanguko ambapo maji yanarudi nyuma yenyewe, yanazunguka. Kitu kikiingia hapo hakitoki, kinageuzwa tu, hata kama ni gogo. Kwenye foto sehemu hizo mbili hazina uzuri wowote. Zinafanana na dimbwi la kufulia.

Basi foto inayosema kweli juu ya kazi ile inapigwa namna gani? Mimi sioni njia isipokuwa kuuliza kabla ya kupiga. Keti na mzee. Mwulize: wapi munaogopa? Mti gani umezeeka? Majira gani watoto hawaruhusiwi kushuka? Halafu tafuta mguu wa mtu unapokanyaga, mkono unaposhikilia, macho yake yanatazama wapi. Mvuvi hatazami povu, anatazama ule ulimi mweusi. Ukimpiga wakati anautazama, na maji yenyewe yakiwa ndani ya foto, umeeleza jambo ambalo kadi za miaka mia hazikueleza.

Kuna pia suala la mwendo. Ndani ya kamera kuna kitu kinafunguka na kufungwa, wapiga foto wanakiita shata. Ikifungwa haraka sana, sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, kila tone la maji linasimama hewani kama chupa iliyopasuka. Ikichelewa, sehemu 1 ya 15, maji yanakuwa maziwa, laini, kama moshi. Zote mbili zinauzika, na zote mbili si maji mtu anayoyaona akiwa juu ya mti. Mimi ningependelea ya katikati, 1 ya 125 ao 1 ya 250, ambapo mtu anasimama wazi na maji yana alama ndogo ya kukimbia. Lakini hapo wenye kujua zaidi watanikosoa, na ni haki yao.

Ruhusa nayo. Kwa Wagenia huingii hivi hivi. Unapita kwa wakubwa wa pale, munapatana, unalipa kitu, ndipo unapelekwa. Nimesikia wasomi wetu wanalalamika: "Sasa hata kuangalia mto ni kulipa?" Eh, ni kulipa. Mto ni wa wote, lakini miti ile si ya wote, na jasho si la wote. Ukitoka Kasongo usijidanganye kwamba kwa sababu unasema Kiswahili na wao wanakisikia wewe ni mtu wa nyumbani. Muzungu ni mgeni, na wewe ni mgeni. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kusikia wanaposema pembeni: "Huyu naye anapiga foto ya nini?" Usijifanye haukusikia. Jibu.

Na mahali pa kusimama usichague mwenyewe. Jiwe lililo kavu asubuhi pengine lina maji jioni. Kumbuka ule ukuta wa California.

Bido la njano

Jambo gumu zaidi ni hili: kamera haitazami hatari tu, inaiongeza.

Kule Uganda, karibu na Jinja, kulikuwa na maporomoko ya Bujagali juu ya mto Nili. Watalii waliofika pale walikuwa wanaonyeshwa mchezo. Kijana anakumbatia bido tupu la njano, anajitupa, anapita ndani ya maporomoko yote, anatokea chini, anapanda kuchukua franga zake kwa wageni. Bila wageni hakuna mtu mwenye akili angeshuka pale na bido kila siku. Kamera ndiyo iliyomtupa. Bwawa la umeme lilipomalizika mwaka 2012 maporomoko yenyewe yalikuwa yamefunikwa, mchezo ukaisha. Wenye mitumbwi midogo ya plastiki, wale wa mashindano ya Nili, wakashuka chini zaidi, mpaka bwawa lingine, la Isimba, likafunguliwa 2019 na kuwapunguzia tena maji makali.

Mtu wa bido na mtu wa Nazaré wanafanana kuliko tunavyodhani. Yule wa Nazaré ana kampuni inayomlipa, na kampuni inataka picha. Siku isiyo na kamera wangapi wangepanda wimbi la mita 20? Wachache wangepanda. Jeff Clark alipanda Mavericks peke yake miaka mingi, kuanzia 1975, bila mtu kumtazama. Wachache, lakini.

Kisangani pia vijana hupanda na kuruka ili wageni waone. Sisemi ni vibaya; ni kazi, inalipwa, na wanajua wanachofanya kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba mwenye kamera lazima ajue anapiga foto ya nini: ya kazi ao ya onyesho. Kuna swali moja linalotenganisha, nalo ni la heshima, halimwaibishi mtu: "Kama nisingekuja leo, ungefanya hivi?" Akisema hapana, unaweza kupiga bado, lakini andika chini ya foto kwamba ni onyesho kwa ajili ya wageni. Na usiseme kamwe "rudia." Mara ya kwanza aliruka kwa hesabu yake. Mara ya pili anaruka kwa hesabu yako, na wewe hesabu ya maji yale huna.

Sasa shimo

Najua mmoja wenu ameshauliza: haya yote yanatuhusu nini, sisi wa dhahabu? Yanatuhusu hivi.

Salamabila tunapigwa foto. Wageni wanakuja, pengine kwa siku mbili, wanaondoka. Na foto inayotoka ni ile ile: mtu amejaa poto-poto, taa kichwani, ametoka nusu mwili kwenye shimo, macho meupe. Ni ndugu yake na kadi ya Stanleyville. Poto-poto njo povu letu. Inavuta jicho, na haielezi kitu.

Hatari ya shimo, ukimwuliza aliyeshuka, iko wapi? Iko kwenye mpasuko mdogo wa udongo ukingoni baada ya mvua ya usiku, mwembamba kama uzi. Iko kwenye mti wa kushikilia ukuta ambao haukubadilishwa. Iko kwenye motari ya kuvuta maji iliyowekwa mahali ambapo moshi wake unashuka shimoni, na moshi ule unaua bila harufu ya kutisha, mtu anasikia usingizi tu. Foto ya motari haina uzuri. Lakini mtu aliyesoma hapa kwetu, anayejua mchimbaji kwa jina, ndiye anayeweza kuipiga na kuieleza. Mgeni wa siku mbili hataiona, kama vile mimi sitaona ulimi mweusi wa Boyoma bila kuonyeshwa.

Na hata wewe mtoto wa Salamabila, ukishika kamera na kusimama juu ya shimo la wengine, umekuwa mgeni kidogo. Diploma haikushusha chini. Pita kwa wakubwa wa mahali, pita kwa PDG wa shimo, na usisahau wale wanaoshuka wenyewe, kwani PDG anaweza kukubali kwa ajili yao na wao hawajakubali. Mama wanaotwanga mawe waulize nao, mmoja mmoja. Mahali penye watu wa silaha, wa upande wowote, kamera ibaki mfukoni. Pale hakuna foto inayofaa bei yake. Watoto usionyeshe sura zao, hata kama mzazi anakubali kwa haraka. Sheria ya madini inakataza mtoto shimoni, na foto yake inaweza kumletea taabu mzazi ambaye umeondoka na kumwacha.

Kuna jambo la telefone ambalo wengi hawalijui. Telefone nyingi zinaandika ndani ya foto mahali hasa ilipopigwa, kwa namba za ramani. Namba hazionekani, lakini ukituma faili yenyewe, mwenye kujua anazisoma. Mahali pa dhahabu, hiyo ni sawa na kumchorea mwizi njia. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima kuandika mahali, kabla hujafika. Na usifikiri ni shimo tu: nyumba ya mtu aliyepata vizuri wiki hii nayo ina namba zake.

Halafu maneno ya chini ya foto. "Mchimbaji wa Maniema" hayatoshi, ni kivuli kingine. Mwulize anataka kuitwa nani, kama anakubali jina litoke. Wengine watakataa, na sababu wanayo. Andika anafanya nini kwa kweli: anabadilisha mti wa ukuta, anangojea moshi upungue, anahesabu wenzake wanapotoka. Hili la mwisho ningependa sana kuliona siku moja: yule anayekaa juu na kamba mkononi, anayehesabu vichwa. Hana poto-poto usoni. Kwenye foto atafanana na mtu ambaye hafanyi kazi yoyote.